Niliuhukumu Msitu kwa Picha ya Septemba

Ipo ramani inayoonyesha kwamba misitu ya upande wa Galula, mkoani Songwe, imefyekwa vibaya ndani ya miaka kumi. Niliichora mimi, na si ya kweli. Wakati naichora sikujua kuwa nakosea, na kama ingeishia hapo labda nisingekuwa na cha kuungama. Lakini nilipojua nilinyamaza. Niliendelea kupokea posho ya masomo huku kijiji kimoja cha bondeni kikiitumia ramani hiyohiyo kuamua ng'ombe wa nani walishwe wapi.

Nianze na tangazo. Lilinikuta kwenye kundi la WhatsApp la watu tuliosoma misitu pamoja: nafasi za shahada ya uzamivu katika uhifadhi wa misitu ya tropiki na mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Ada inalipwa, posho ipo kila mwezi, unakaa Ulaya kwa vipindi na utafiti unaufanyia kwenu. Anayejua maisha ya mhitimu wa misitu hapa nchini hahitaji kuelezwa nililala saa ngapi usiku ule. Ajira za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, zinagombewa na umati, na miradi inakuja na kuondoka na magari yake. Kaka zetu walikuta neema: mwaka 2008 Norway iliahidi kuipa Tanzania hadi krona milioni 500 kwa ajili ya misitu na hewa ukaa, na programu ya utafiti wa mabadiliko ya tabianchi, CCIAM, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ikasomesha watu uzamili na uzamivu. Sisi tulifika sinia limeshaondolewa.

Waliotoa tangazo walitaka kurasa mbili: eneo gani, misitu inapotea kwa kasi gani, nani anaimaliza na wewe utafanya nini. Nimeyasoma matangazo mengi ya aina hii tangu wakati ule, na karibu yote yanakutaka uanze na msiba. Mwombaji anayeandika kwamba ana mashaka, kwamba anataka kwanza kwenda kuangalia kama misitu inapotea kweli, hata simwoni akifika kwenye usaili. Sisemi hivi kujitetea. Msiba wa kitaifa upo na hauhitaji kutungwa. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, ilihesabu hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara, na ripoti ambayo Serikali iliiwasilisha Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2002 na 2013 tulikuwa tunapoteza hekta 469,420 kila mwaka. Nilichokosa ni mahali pa kuuweka msiba huo.

Nikapaweka Galula. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kijanja: jina hilo wanasayansi wa nje wanalijua. Miamba ya Galula ina mabaki ya wanyama wa enzi za dinosaria, na humo katika bonde la Rukwa ndimo alimotoka Pakasuchus, mamba mdogo mwenye meno kama ya mnyama anayenyonyesha, aliyetangazwa mwaka 2010, kisha dinosaria Rukwatitan mwaka 2014 na Shingopana songwensis mwaka 2017. Nilijua profesa akiona neno Galula atatulia asome.

Sababu ya pili ndiyo inayoniaibisha. Kwenye barua ya maombi niliandika kwamba mimi ni mwenyeji, mtoto wa Songwe. Kwa vyeti ni kweli. Lakini mimi ni mtoto wa Tunduma. Nimekulia kwenye vumbi la malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, kati ya wabadilisha kwacha na akina mama wa vitenge. Mkoa wa Songwe wenyewe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na Galula na Tunduma kuwekwa mkoa mmoja hakukuwafanya watu wa pande hizo wajuane. Kutoka kwetu unapanda gari hadi Vwawa, unapita Mlowo, unafika Mbalizi, ndipo unaikamata barabara ya kuteremka bondeni inayokwenda Galula, Mkwajuni hadi Makongolosi. Huko chini kuna joto, na mto Songwe unaelekea Ziwa Rukwa. (Kuna Songwe mwingine, wa mpakani na Malawi, unaoingia Ziwa Nyasa. Wageni huichanganya, na mimi mwenyeji nilikuwa naichanganya mpaka sekondari.) Hadi siku ninabonyeza kitufe cha kutuma maombi, nilikuwa sijawahi kushuka garini Galula.

Picha nilizipata bure, kama kila mtu. Mwaka 2008 Wamarekani waliziachia picha za setilaiti za Landsat kwa yeyote mwenye intaneti. Nilihitaji mbili zilizopishana miaka kama kumi. Nyingi zilikuwa na mawingu, na za Landsat 7 tangu mwaka 2003 zina michirizi mieusi kwa sababu ya kifaa kilichoharibika huko juu. Nikachagua zilizo safi. Ya zamani ilikuwa ya mwisho wa Mei, ya karibuni ilikuwa ya Septemba. Nikaziingiza kwenye programu, nikaiambia ipime ukijani wa kila nukta, yaani kila kipande cha mita 30 kwa 30, na ipake rangi nyekundu pale ambapo ukijani umepungua sana. Programu haikuniuliza mwezi. Skrini ilijaa wekundu, nami nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Msomaji wa nyanda hizi ameshacheka. Mwisho wa Mei mvua ndiyo kwanza imekwisha na misitu yetu ya miombo bado imevaa majani yake yote. Ikifika Septemba, mitundu na mininga imepukutisha, nyasi chini zimeliwa na moto, na udongo ni mweusi kwa majivu. Siku chache mbele, kabla hata tone la mvua halijaanguka, majani mapya yanatoka yakiwa na rangi ya shaba, halafu yanakuwa kijani. Setilaiti inayopita katikati ya hayo haioni msitu, inaona ardhi tupu. Mimi nililinganisha msitu wenye majani na msitu huohuo usio na majani, nikaandika kwamba umekatwa. Na ili msidhani nilikuwa sijafundishwa: swali la kupukutika kwa miombo niliwahi kulijibu kwenye mtihani, na nikapata alama nzuri.

Baada ya kupata msiba nikatafuta mkosaji. Niliandika kwamba chanzo kikuu ni wafugaji wahamiaji. Hakuna ng'ombe anayeonekana kwenye nukta ya mita 30. Niliandika hivyo kwa sababu ndivyo kila mtu anavyosema. Tangu mifugo iondolewe bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, baadhi ya wafugaji wakielekezwa Lindi na wengine wakijitafutia malisho wanakojua, kila kijito kinachokauka kusini na magharibi mwa nchi kina Msukuma wa kusingiziwa. Sentensi yangu ilikaa vizuri kwenye ukurasa na hakuna aliyeniomba ushahidi.

Kwenye usaili profesa mmoja aliniuliza kama eneo ninalifahamu. Nikamjibu, "Ni nyumbani." Nikapata nafasi.

Safari ya kwanza ya utafiti niliifanya Februari. Barua ya utambulisho ilipita kwa Katibu Tawala wa Mkoa kule Vwawa, ikaja kwa mkurugenzi wa halmashauri Mkwajuni, ikaishia kwa mtendaji wa kijiji. Kila kitu kilikuwa kijani, na pale ramani ilipokuwa nyekundu kulikuwa na miti. Nikajiambia hivyo ni vichipukizi. Miombo hata ukiikata huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi, hilo ni kweli na linajulikana, na ukweli huo ulinifaa sana kama kisingizio. Vichipukizi vyembamba kama mkono sikuviona. Niliona miti. Kwenye daftari nikaandika "msitu unaochipua upya".

Kabla ya kuondoka nikawaachia ramani. Watafiti tunalaumiwa kila siku kwamba tunachukua taarifa na haturudishi chochote, nami nilitaka kuwa tofauti. Niliichapisha Mbeya mjini kwenye karatasi kubwa, nikaipiga laminesheni. Mtendaji akaigongea misumari ukutani, juu ya kabati la mafaili. "Mtaalamu," akaniambia, "hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

Nilirudi Septemba nikiwa na GPS na orodha ya nukta za kukagua. Nilipewa mzee mmoja mrina asali anipeleke. Hakuwa mtu wa hadithi nyingi. Alitaka kujua posho yake ni ya siku nzima au ya kufikia mchana, na kama tutapita upande wenye mizinga yake ili aiangalie kwa safari hiyohiyo. Nukta ya kwanza nyekundu ilitupeleka kwenye tambarare iliyoungua. Viatu vyangu vilikuwa vyeusi hadi vifundoni. Matunda ya mninga yalikuwa yametapakaa kwenye majivu, yale ya mviringo yenye miiba katikati na ubawa pembeni, na juu yetu kulikuwa na matawi bila jani hata moja. GPS ikasema tumefika.

"Mzee, hapa palifyekwa lini?"

Akanitazama. Alidhani namtega, kwamba mimi ni mtu wa serikali nataka ataje majina. "Hapajafyekwa."

"Lakini miti imekufa."

Akauendea mninga mmoja, ambao mimi na yeye tukishikana mikono tusingeuzunguka kwa urahisi, akaupiga panga mara moja, si kwa nguvu. Utomvu ukatoka, mwekundu kama wa mnyama. Akafuta panga kwenye suruali. "Twende, mwanangu, jua linapanda," akasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba ameajiriwa na mjinga.

Tulikagua nukta nyingine siku hiyo na siku zilizofuata. Zipo zilizokuwa mashamba kweli. Zilizo nyingi zilikuwa misitu iliyopukutisha majani. Jioni nikafungua kompyuta, nikaangalia tarehe za picha zangu mbili, na nikajua kila kitu.

Kuanzia hapa sina kisingizio cha ujinga. Sura ya kwanza ya tasnifu nilikuwa nimeshaituma. Mapitio ya mwaka yalikuwa yanakaribia, na posho inategemea mapitio. Kiwanja Tunduma nilikuwa nimelipia nusu, na wadogo zangu wawili walikuwa shuleni kwa pesa hiyo. Nikafanya jambo la kitaalamu kabisa: nikabadilisha ufunguo wa ramani. Palipoandikwa "misitu iliyotoweka" nikaandika "misitu iliyoathirika". Neno hilo halimdanganyi mtu na halimwambii mtu ukweli. Mapitio nikapita.

Wakati huo kijiji kilikuwa kinaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, kwa sheria ya mwaka 2007 ya mipango ya ardhi. Ni kazi nzuri na ngumu: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa hifadhi ya msitu wa kijiji. Kamati ilikuwa na ramani moja tu ya kupendeza, ile ya juu ya kabati. Upande wenye wekundu mwingi ndio ambao wafugaji walikuwa wakipitisha mifugo kiangazi kuelekea maji. Pendekezo likaja kwamba upande ule uwe hifadhi na ng'ombe wasiingie, ili msitu "upone". Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawapa wanakijiji haki ya kutenga msitu wao na kujiwekea masharti, kwa hiyo hakuna aliyekiuka chochote.

Nilikuwepo kwenye mkutano mkuu. Mwenyekiti alinikaribisha mbele, "mtaalamu wetu atupe maelezo". Ningeweza kusema kwa Kiswahili chepesi: ramani ina kosa, msiiamulie chochote. Badala yake nilizungumzia mabadiliko ya tabianchi. Nikataja hewa ukaa, na watu wakakaa vizuri, maana habari za vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, huko Katavi, vinavyolipwa kwa kutunza misitu zilikuwa zimefika hadi Galula. Kisha akasimama baba mmoja mfugaji, kofia mkononi. Alinisalimia kwa heshima ingawa kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia.

"Mwalimu, hiyo picha yako ilituona tukikata mti gani?"

Jibu nililijua. Nikamwambia huo ni uchambuzi wa kitaalamu wa setilaiti, si jambo la kuona kwa macho. Watu wakacheka, na hawakunicheka mimi. Yeye akavaa kofia yake, akakaa. Pendekezo likapita kwa mikono mingi.

Ningependa kuandika kwamba usiku ule dhamiri ilinisuta nikaamka na kusema. Dhamiri ilinisuta, nikalala. Kilichonifungua mdomo ni woga. Miezi kadhaa baadaye, Ulaya, mwanafunzi mwenzangu kutoka Brazili aliitazama slaidi yangu wakati wa chai na kuuliza, bila ubaya wowote, kwa nini picha moja ni ya Mei. Alikuwa anafanyia kazi misitu inayopukutisha majani kama yetu. Nilijua akiuliza tena mbele ya watu nimekwisha. Nikaenda kwa msimamizi wangu kabla hajauliza.

Hakupandisha sauti. Aliuliza maswali mawili: nimejua lini, na nani ameitumia ramani. La kwanza nilimdanganya kidogo, kisha nikarudi mlangoni nikasema ukweli. La pili lilimuumiza zaidi. Tukaanza upya: picha za miezi ileile kwa kila mwaka, picha za Sentinel-2 ambazo nukta yake ni mita 10, na nukta za ardhini nilizokuwa nimezikusanya na yule mzee, ambazo ndizo kitu pekee cha thamani nilichokuwa nacho.

Ramani mpya haikusema kwamba hakuna kilichopotea. Upande wa miteremko, ule uliofungiwa ng'ombe, msitu ulikuwa umesimama. Palipoliwa ni tambarare za karibu na barabara, kwenye mashamba ya ufuta na mahindi. Nikaenda kuuliza ni ya nani. Baadhi ni ya wanakijiji wenyewe. Mengine, na makubwa, yamekodishwa kwa watu wa mjini wanaokuja na trekta msimu wa kupanda na lori msimu wa kuvuna. Kuna pia miti ya matimba ya kushikilia maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, na mkaa unaopanda kwenda Mbalizi na Mbeya.

Kati ya hao waliokodi yumo mjomba wangu wa Tunduma. Nilijua siku zote kwamba ana ufuta "huko bondeni". Ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita. Nilipoandika kurasa zile mbili za maombi sikumfikiria hata kidogo. Mlima ufuta kwa pesa za mjini sikumwona kama sababu ya kitu chochote, yeye ni mjomba. Aliyekuja na ng'ombe ndiye aliyekuwa "mhamiaji".

Nilirudi kijijini na ramani mpya, nikaomba nafasi kwenye mkutano. Nilisema yote, kwa utaratibu, pamoja na siku ya utomvu wa mninga. Sikutukanwa. Mwenyekiti alishukuru kwa "taarifa ya nyongeza". Wengi hawataki hifadhi ifunguliwe, na nawaelewa: tangu kanuni za biashara ya kaboni zitoke mwaka 2022, msitu uliosimama ni matumaini ya pesa, na kwa ramani yangu mpya umesimama vizuri zaidi kuliko walivyodhani. Kwa hiyo kosa langu limesahihishwa na madhara yake yamebaki palepale. Yule baba mfugaji hakuwepo. Alishahamisha ng'ombe kuelekea Momba, na baadhi walifia njiani. Nilipata namba yake kwa mtendaji. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa hayo uliyoniambia, yapo kwenye karatasi yenye muhuri?" Nikamwandikia, ikagongwa muhuri, nakala ikaenda halmashauri. Kama itamsaidia kurudi, hilo liko kwenye mkutano mkuu, nao una ajenda zake.

Vijana wa Tunduma na Vwawa hunipigia simu kuulizia nafasi hizi, na huwa nawatumia matangazo bila hiyana. Fedha zipo, na nchi inahitaji watu wake waisome misitu hii kabla wengine hawajaisoma kwa niaba yao. Nawaambia waombe muda wa kwenda eneo lao kiangazi na masika kabla ya kuandika chochote, na kama tangazo haliruhusu, waandike kwamba hawajafika. Mmoja aliniuliza kama kuandika hivyo hakutamkosesha nafasi. Nikamwambia huenda kukamkosesha.

Tasnifu yangu sasa ina sura nzima kuhusu picha ya Mei na picha ya Septemba. Watahini waliipenda kuliko zote, jambo ambalo sijui nilichukulieje. Mjomba amesikia habari za mashamba ya ufuta. Wiki iliyopita alinipigia kuuliza kama jina lake limo kitabuni. Nikamjibu kwamba majina ya watu hayaandikwi, ila shamba lipo, ukurasa mzima, na linaonekana vizuri.